Kuwekwa Ndani Si Kukaa Kitako



Msimu wa harusi ndio huu umeingia. Tangu Mfunguo Mosi uandame hakuna wiki inayopita bila ya mwaliko, na mazungumzo yetu wanawake ni yale yale tunayoyapenda: singo ya nani inanukia, piko gani haiunguzi mikono, ukumbi upi, sare rangi gani. Leo tunaomba tuyaweke upande kidogo tuseme jambo ambalo hatujalikuta katika mafunzo ya somo yeyote tunayemjua. Tunataka kusema habari ya sukari. Siyo ile ya kwenye halua, bali ile inayotembea kwenye damu.

Rai yetu tunaitoa mapema ili hata mwenye haraka aondoke nayo. Biharusi aliyewekwa ndani awe na wakati wake wa kuuendesha mwili kila siku, na wa kumfundisha hilo ni somo wake, pamoja na mambo ya twahara, usafi na kukaa na mume. Na desturi hiyo asiiache ukumbini pamoja na maua. Aende nayo fungate, aende nayo kwenye ujauzito, kwenye arubaini, mpaka uzeeni.

Mtasema, sukari ni maradhi ya wazee, mnamtia khofu mwari wa watu bure. Hapana. Sukari aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, haiingii siku moja. Huanza taratibu miaka mingi kabla ya mtu kusikia kiu au kuamka usiku kwenda chooni, na miaka hiyo ndiyo hii ya kuposwa, kuolewa na kuzaa. Bibi tunayemwona leo amekatwa kidole cha mguu, au amepungua macho hata Msahafu anasomewa, safari yake ilianza zamani wala hakuna aliyeiona.

Sasa hesabuni nasi. Mwanamke wa visiwani huwekwa ndani mara kadhaa katika umri wake. Kwanza kabla ya harusi, siku za kusingwa na kufundwa, hatoki juani. Kisha fungate, siku saba za kupikiwa na kuletewa. Akijaaliwa uzazi, siku arubaini za kukandwa, kunyweshwa uji wa pilipili manga na supu. Na akifiwa na mume, eda, miezi minne na siku kumi. Kila kikao katika hivi kina hekima yake, na hicho cha mwisho ni amri ya Mola wetu. Hatuna ugomvi nacho. Ugomvi wetu ni na nyongeza tuliyoitia wenyewe, kwamba aliyewekwa ndani asinyanyue hata kikombe. Akisimama anaulizwa anataka nini aletewe. Akitembea ukumbini anaambiwa atulie asije akachujuka. Na kila anayeingia kumtazama anaingia na sahani: visheti, kaimati, mkate wa kumimina, bokoboko, sharubati.

Zamani mapumziko hayo yalikuwa na maana yake kamili kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kazi kamili. Bibi zetu walitwanga kinuni, walichota maji kisimani, walikwenda shamba kwa miguu na kurudi na mzigo wa kuni kichwani. Wa pwani ya mashariki walifuata maji yakitoka wakatafute pweza na chaza, na mwani ulipokuja mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaongeza kuinama na kubeba. Mtu wa namna hiyo ukimpa siku saba za kukaa umempa haki yake. Sisi je? Unga unasagwa mashineni, maji yako bombani, duka la mtaa wa pili tunaagiza bodaboda. Kazi imeondoka, mapumziko yamebaki. Na sahani imeongezeka.

Ni vizuri kujua mwili unafanya nini hasa, kwa sababu wengi tunaambiwa tufanye mazoezi bila ya kuelezwa. Ukila wali, mkate, muhogo au tende, chakula kile huvunjwa kikawa sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo wa kufungulia milango ya misuli ili sukari iingie ikawe nguvu. Kwa mwenye sukari aina ya pili ufunguo upo lakini kufuli zimeshika kutu. Kongosho hutoa funguo nyingi zaidi na zaidi mpaka hulemewa, na sukari inabaki nje, damuni, ikiharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Rehema ya Mungu ni kwamba misuli inapofanya kazi hufungua mlango wa pili, mlango wa uani tuseme, ambao hauhitaji ufunguo huo. Sukari inaingia. Na hata ukishapumzika, zile kufuli za mbele hulainika kwa muda, siku moja, pengine mbili au tatu, kisha hurudi kama zilivyokuwa. Kwa hiyo wataalamu wanasisitiza zisipite siku mbili mfululizo bila ya mazoezi. Bonanza la tarehe 1 Januari, tukavaa fulana mpya na kutembea mji mzima, ni jambo zuri na tunalipenda, lakini kufikia tarehe 4 misuli imeshasahau.

Misuli mikubwa kabisa mwilini ni ya mapaja na makalio. Tunaikalia. Hapo utaelewa kwa nini kutembea tu, jambo dogo kama hilo, kuna nguvu kubwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2002 zilitoka natija za utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafika kuwa wagonjwa. Waliotembea dakika 150 kwa wiki na kurekebisha chakula na kupunguza uzito kidogo, walipungua kuingia kwenye maradhi kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakufanya hivyo. Waliopewa vidonge vya metifomini walipungua kwa asilimia 31. Someni tena. Miguu na sahani viliishinda dawa. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwaambia wenye sukari aina ya pili watembee dakika 10 tu baada ya kila mlo, wakalinganisha na kutembea dakika 30 mara moja kwa siku wakati wowote. Dakika 10 za baada ya kula zilishusha sukari vizuri zaidi, na tofauti kubwa ilionekana baada ya chakula cha usiku.

Chakula cha usiku! Wakati wetu wa kujitandaza mkekani tukatazama tamthilia.

Biharusi wa leo anavutwa huku na huku. Upande mmoja wamo mama na mashangazi wanaotaka anawiri: mashavu yajae, mwili ung'are, aonekane katoka kwenye nyumba ya neema. Upande wa pili wamo mashoga zake na simu, wanaotaka aingie kwenye gauni alilolipenda, kiuno kikatike, na ndipo zinapoingia chai za kupunguza tumbo, mikanda ya kubana, na kushinda na njaa wiki mbili kabla ya siku. Hawa wawili wanagombana, lakini ukiwatazama vizuri wanasema neno moja: mwili wa mwanamke ni wa kutazamwa. Sukari haitazamwi kwa macho. Wapo wanene ambao sukari yao imetulia na wapo wembamba ambao imewapanda. Na jambo ambalo tungependa kila mwanamke alijue ni kwamba mazoezi hushusha sukari hata pale mzani unapokataa kushuka. Wangapi wameanza kutembea, wakapima uzito baada ya wiki tatu, wakaona kilo ile ile, wakaacha kwa kukata tamaa? Walikuwa wanafaidika, ila walitazama mahali pasipo. Kipimo cha kazi hii ni tone la damu kidoleni, siyo gauni.

Kwa hiyo tunasema pia, kabla ya harusi mpimwe sukari, biharusi na bwana harusi. Ukipima asubuhi hujala kitu, 7.0 na kuendelea ni dalili ya maradhi na kipimo kirudiwe kuthibitisha. Baina ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Onyo hilo ndilo wakati wenye faida kuliko wote, maana hapo miguu inaweza kufanya kazi kabla ya vidonge. Kuna familia zinazoficha, binti anaolewa na vidonge vyake vimefungwa kwenye leso, mume hajui, mkwe hajui. Matokeo yake anakula kila anacholetewa kwa kuogopa kuulizwa, na hawezi kusema "naomba nitembee kidogo" kwa sababu atatakiwa aeleze. Haki ya mume kuambiwa ipo, na haki ya mwili wake ipo.

Tunajua mtakayotujibu, maana tumeyasikia.

La kwanza: sisi tunaswali mara tano, kuinama na kusujudu, hayo si mazoezi? Swala ni ibada, wala hatupendi kuishusha ikawa jimu. Ina baraka zake kwa viungo, hakuna shaka, lakini rakaa 4 za kawaida haziufanyi moyo uende mbio wala pumzi zipande. Kwa uhakika zaidi tungesema kinyume chake: mazoezi yanailinda swala. Wangapi wetu leo wanaswali juu ya kiti na hawajafika miaka 50, si kwa ajali, ni kwa magoti yasiyozoea kuubeba mwili? Tarawehe ni mlango mwingine. Zile rakaa nyingi za mfululizo hata madaktari wanaoshauri wagonjwa wa sukari kuhusu Ramadhani wanazihesabu kuwa ni sehemu ya mazoezi ya siku.

La pili: kazi za nyumbani zinatosha. Zipo zinazotosha, kufagia uwanja mpana kwa mfagio wa chelewa, kufua kwa mkono, kupanda na kushuka ngazi za nyumba za Mji Mkongwe na ndoo. Lakini kusimama jikoni saa mbili si kutembea, na kuchoka si mazoezi. Kipimo ni rahisi: ukiwa unafanya, uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba kaswida. Ukiweza kuimba beti zote bila kukata pumzi, ongeza mwendo.

La tatu ndilo zito, nalo ni stara. Mwanamke wa heshima anakimbia barabarani, watu watasemaje? Tunaichukulia hoja hii kwa uzito kwa sababu haya ni katika imani. Lakini tuulizane, nani alitwambia kwamba haya ni kutotikisika? Bibi Aisha, Mungu amridhie, ameeleza mwenyewe kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akashinda yeye, baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni ya kulipia ile ya mwanzo. Watu walikuwa wametangulizwa mbele, faragha ilihifadhiwa, na mume ndiye mshindani. Na ile sa'y baina ya Safaa na Marwa, ambayo kila anayehiji au kufanya umra lazima aitimize, asili yake ni mwanamke, Bibi Hajar, akienda huku na huku kumtafutia mwanawe maji. Wanawake hatukimbii pale kwenye taa za kijani, tunatembea, lakini safari saba zile ni kilomita 3 na zaidi. Wapo wazazi wetu wanaoweka akiba miaka ili wafike Makka, wakifika wanasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliye na udhuru ana udhuru. Wengine tulikuwa na miaka ya kujitayarisha.

Stara ina njia, na njia si lazima iwe barabara. Wako wanaokwenda Maisara au ufukweni baada ya Alfajiri, vikundi vya wanawake watupu, na baibui jepesi la pamba na raba miguuni. Kule Nungwi wasichana wamefundishwa kuogelea na mavazi yao ya kusitiri mwili mzima. Asiyetaka kuonekana kabisa ana ukumbi wake mwenyewe. Chumba cha hatua kumi ukikizunguka dakika 10 umetembea. Ukuta unafaa kusukumwa, kiti kinafaa kukaa na kuinuka mara kumi na tano bila ya kushika, dumu dogo la maji ni chuma cha kunyanyulia. Na ngoma! Wanawake peke yetu, milango imefungwa, tunacheza nusu saa mpaka majasho yanatutoka, tukidhani tunafurahi tu. Tunafurahi na sukari inashuka.

La nne ni ile kauli ya ukoo: sukari ni ya kwetu, mama alikuwa nayo, bibi alikuwa nayo, Mungu ameshaandika. Kurithi kupo kweli. Kinachorithiwa lakini ni wepesi wa kuipata, na pamoja nao tunarithi sufuria, vikombe vya chai yenye vijiko vitatu na desturi ya kukaa. Mwenye mama mgonjwa ndiye wa kutembea zaidi, siyo wa kungoja zamu yake. Yule bedui na ngamia wake mnakijua kisa chao.

Basi somo afanyeje? Hatumwombi awe daktari. Mwari akishakula cha mchana, kabla hajalazwa kusingwa, wazunguke uani pamoja dakika 10 au 15. Usiku, baada ya Isha na chakula, vivyo hivyo, wakati mazungumzo ya kufundwa yanaendelea. Hakuna fiqhi inayosema mwari lazima asikilize akiwa amekaa. Asubuhi, kabla ya jua kali, mazoezi ya nguvu kidogo ya mapaja na mikono, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukijumlisha, dakika 10 baada ya kila mlo kwa milo mitatu ni dakika 210 kwa wiki, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate baina ya 150 na 300. Umefika bila ya kuvuka kizingiti. Kuhusu weupe na kung'ara ambako mama wanaogopa kutachujuka, uani kuna kivuli, na jasho jema halijamharibu mtu uso.

Sahani nazo zisitukimbize. Hatusemi wageni warudishwe na kaimati zao. Mwari aonje, zilizobaki zigawiwe watoto wa madrasa, na sharubati ipokezane na maji. Mazoezi hayana uwezo wa kuifukuza kila sahani. Anayetembea dakika 10 baada ya glasi tatu za juisi ya muwa anajidanganya.

Tufike kwenye mimba, maana fungate nyingi huishia huko, alhamdulillah. Ipo sukari inayojitokeza kwa mjamzito ambaye hakuwa nayo kabla, na hupimwa zaidi baina ya wiki ya 24 na ya 28. Mtoto huweza kukua kupita kiasi, kuzaa kukawa kuzito, na mtoto mwenyewe akashuka sukari baada ya kuzaliwa. Wengi wenye hali hii huweza kuidhibiti kwa chakula na kutembea, bila ya sindano, ikiwa daktari ameona hakuna kizuizi kama kutoka damu, presha ya mimba au tishio la kuzaa kabla ya wakati. Lakini humu mwetu mjamzito akitembea kila mtu anamkataza. Anaambiwa ale kwa wawili na alale kwa wawili.

Na akishajifungua, sukari ikirudi chini, watu husahau. Hapa tunaomba mtusikilize sana. Aliyepata sukari ya mimba anabaki katika hatari kubwa ya kuipata aina ya pili baadaye, mara kadhaa kuliko mwenzake. Apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, kisha arudie kila baada ya muda atakaoelezwa na daktari. Arubaini yake basi isiwe ya kitanda na supu peke yake. Aliyejifungua salama, bila ya kisu, huweza kuanza kutembea taratibu ndani ya siku chache anapojisikia vizuri. Aliyepasuliwa asikilize alivyoambiwa hospitali. Kukandwa ni kuzuri, kunampumzisha, lakini anayefanya kazi pale ni mkandaji.

Eda hatukutaka kuigusa, kisha tukaona kunyamaza si haki. Anayekaa eda ya kufiwa mara nyingi ni mama mtu mzima, ndio umri wenyewe wa sukari na presha, na huzuni nayo hupandisha sukari. Tunamweka kwenye godoro chini, watu wanaingia na kutoka, na kila mmoja anambembeleza ale. Amekatazwa mapambo, amekatazwa manukato, amekatazwa kutoka pasipo haja. Kutembea ndani ya nyumba yake na uani pake hakukatazwa. Kwenda kliniki ni haja. Mwenye wasiwasi na amuulize shekhe wake, lakini amuulize, asiache dawa na miguu kwa miezi minne kwa kukisia. Binti wa mfiwa anayemshika mama yake mkono baada ya chakula wakazunguka nyumba mara tano, amemfanyia wema ambao hata sahani kumi za biriani hazifiki.

Sasa tahadhari, na hizi hazina mzaha. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho, kama glibenklamidi, anaweza kushukwa na sukari anapofanya mazoezi. Aonane na daktari wake kwanza, apime kabla ya kuanza, na awe na kitu kitamu mfukoni. Jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, maneno kumchanganyikia: hapo asimame, anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari au nusu glasi ya juisi, angoje robo saa, apime tena. Chini ya 3.9 ni hatari, na aliyefunga afungue. Atalipa siku nyingine. Katika Ramadhani mazoezi makali yasifanywe alasiri karibu na futari. Anayetumia metifomini peke yake hatari hii kwake ni ndogo. Mwenye sukari iliyopanda sana huku anaumwa au anatapika asikimbilie kutembea, akimbilie hospitali.

Na miguu. Mwenye sukari ya muda mrefu miguu yake hufa ganzi, anakanyaga msumari asijue. Kutembea pekupeku mchangani, hata kama ufukwe ni wetu na tumezaliwa nao, kwake hakufai. Ndara pia hapana. Viatu vya kufunika, soksi, na kila usiku atazame nyayo zake, au atazamiwe na mtu. Mumewe, kwa mfano.

Mumewe tumemtaja na hatuwezi kumwacha hivi hivi. Waume wengi tunaowasikia hawakatazi mazoezi kwa ubaya. Wanawaza mke atatoka na nani, saa ngapi, amevaa nini. Maswali hayo yana jibu moja jepesi: atoke na wewe. Baada ya Isha, mmeshakula, mzunguke nyuma ya majumba ya Michenzani au njia ya shamba kwenu, robo saa kwenda na robo saa kurudi. Ndoa changa ina mengi ya kuzungumza ambayo hayazungumziki mbele ya mkwe na mawifi, na kutembea kunafungua midomo. Bwana harusi naye ana damu, naye alikula biriani ile ile.

Kwa wanaoendelea kupanga begi la kumpelekea biharusi, zile kanga, vitenge, manukato na viatu vya kisigino, tieni na raba jozi moja na soksi za pamba. Nambari ya mguu muulizeni somo, na mchukue iliyo kubwa kidogo, kwa sababu jioni miguu huvimba.